Tetemeko kubwa likipiga Nakuru: maswali ambayo watu huniuliza

Kazi yangu ni kusimamia mijengo hapa Nakuru. Ardhi ikitikisika kidogo, au televisheni ikionyesha mji wa mbali uliobomoka, simu yangu hulia: mafundi, majirani, kina mama wa chama chetu, vijana waliopanga vyumba Kaptembwa. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ni ya uhai wa watu, na mengine yana jibu fupi.

Kwani Kenya hupigwa na matetemeko makubwa? Hayo si mambo ya Japani na Uturuki?

Hupigwa, na kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini lilitokea jirani yetu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka Subukia, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka hapa mjini. Ukubwa wake ulikuwa 6.9. Ufa ulionekana juu ya ardhi kwa takribani kilomita 38 kando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet, na penye kushuka zaidi, upande mmoja ulikaa mita mbili na zaidi chini ya mwenzake. Ukiteremka na matatu kutoka Nyahururu kwenda Subukia, pale masikio yanapoziba, unashuka ukingo huo. Mahujaji wanaokwenda kwa Bikira Maria wa Subukia kila Oktoba huupita wakiimba.

Tetemeko hilo halikumbukwi kwa vifo, kwa sababu hapakuwa na kitu kikubwa cha kuwaangukia watu. Nakuru ya wakati ule ilikuwa kituo cha reli na mitaa michache. Wenyeji wengi walilala katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Nyanya mmoja wa Subukia aliwahi kunisimulia alichosikia kwa mamake: vyungu vilibingirika hadi mlangoni, na mbuzi wakakataa kuingia zizini siku tatu.

Sasa weka hilo kando ya Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko la 6.9, ukubwa uleule wa Subukia, lilipita chini ya mji huo wa Japani kwa sekunde kama 20. Watu 6,434 walikufa, wengi wao wakiwa bado kitandani, wakipondwa na nyumba zao za mbao zenye paa zito la vigae. Mimi huwaambia watu wafikirie hivi: Subukia ilikuwa Kobe isiyo na mji juu yake. Leo mji upo. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sensa ya 2019 ilikuwa tayari imekuta watu zaidi ya laki tano.

Kutoka 6 hadi 7 ni hatua moja tu. Tofauti yake ni kubwa kiasi gani?

Kila namba moja ikiongezeka, mtikisiko unaopimwa huongezeka mara 10 na nishati inayotoka huongezeka mara 32 hivi. Kwa hiyo 7 na 6 haziko karibu hata kidogo.

Lakini namba peke yake haitakuambia watu wangapi watakufa. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la 7.0 lilipiga karibu na Port-au-Prince, Haiti. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Serikali yao ilitaja zaidi ya 300,000. Wiki sita baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, lenye nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa kama 500. Chile walikwisha kufunzwa na tetemeko la 1960, lililofika 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Wakaandika sheria kali za ujenzi, wakazifuata, na aliyejenga hubanwa na sheria kwa miaka 10 ikiwa mifupa ya jengo itaonyesha kasoro. Nchini Haiti kila mtu alijijengea alivyoweza. Ukiniuliza Nakuru inafanana na nani kati ya hao wawili, nitakupeleka tutembee mitaani uone mwenyewe.

Nakuru imekaa juu ya nini hasa?

Juu ya majivu ya volkano na matope ya ziwa la zamani. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa, na sehemu tunazojenga leo zilikuwa chini ya maji. Volkano ya Menengai nayo ilitapika majivu yakatanda kila upande. Chini yake miamba imekatwakatwa na nyufa za Bonde la Ufa.

Chota udongo wa Rhonda wakati wa kiangazi. Ni mwepesi kama unga, unapeperuka kidoleni. Umwagie maji, nao hukatika na kuzama ndani ya shimo usilolijua. Ndiyo maana mvua kubwa zikinyesha utasikia ardhi imefunguka Kaptembwa au Rhonda na choo kimezama. Hayo si matetemeko, ni maji yanayosomba majivu ndani ya nyufa za kale. Ule ufa mkubwa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018 ulifunguka wakati wa mvua kubwa pia, na wataalamu walibishana sana kuuhusu. Kenya haikuwa inagawanyika siku ile. Bonde la Ufa linapanuka milimita chache kwa mwaka, na bahari kuingia hapa ni jambo la mamilioni ya miaka.

Udongo laini una ubaya mwingine ambao watu hawaujui. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilitokea pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka Jiji la Meksiko. Jiji hilo limejengwa juu ya ziwa lililokauka. Mawimbi yalipofika kwenye matope yale yalikua, yakayumbisha ardhi polepole kama bakuli la uji, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yakaumia zaidi kwa sababu mwendo wake wa kuyumba ulilingana na wa udongo. Maelfu ya watu walikufa mbali sana na kitovu cha tetemeko. Kwa hiyo anayesema "tetemeko likiwa mbali halituhusu" ajue kwanza nyumba yake imesimama juu ya nini.

Ni nyumba gani zitaanguka kwanza?

Hili ndilo swali ninalotaka mtu anikalishe chini aniulize.

Anza na ploti ya kawaida ya mtaani: maduka chini, vyumba vya kupanga juu. Chini ni wazi, milango ya chuma ya kukunja, nguzo tu na kuta chache. Juu kuna kuta kila upande. Mtikisiko ukija, ghorofa za juu husogea pamoja kama sanduku na zile nguzo za dukani hubeba kila kitu. Zikikatika, jengo hukaa chini kama ngamia, ghorofa ya pili inakuwa ya kwanza. Kobe ilionyesha hivyo, na Uturuki tarehe 6 Februari 2023 ikaonyesha tena, pale ambapo watu zaidi ya 50,000 walikufa nchini humo.

Kinachozuia nguzo kukatika ni kitu kidogo ambacho ukishamwaga zege hukioni tena: ringi. Ni zile pete za chuma chembamba zinazozunguka nondo. Zege likibanwa kupita kiasi hutaka kupasuka kwenda nje, na ringi hulishika kama mkanda unavyomshika mbeba mzigo kiunoni. Karibu na maungio ya nguzo na boriti zinatakiwa kukaa karibukaribu, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege.

Siku moja nilipiga magoti kwenye mjengo wa ghorofa tano, saa mbili asubuhi, mikseri ikiwa tayari inazunguka. Nilitoa futi nikapima. Mchoro ulisema sentimita 10 kwenye maungio. Nilikuta 30. Ncha zilikuwa zimekunjwa nusu tu, nikazifungua kwa mkono mtupu kama unavyofungua waya wa kuanikia nguo. Nikamuuliza fundi kwa nini. Akavua kofia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, ringi hazionekani. Landilodi halipii kitu kisichoonekana." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa chuma cha kutosha nusu ya kazi. Tulisimamisha zege siku mbili, mwenye mjengo akanikasirikia, ringi zikaongezwa. Bado nikipita pale hutazama zile nguzo.

Vitu vingine ninavyoviangalia nikiingia ploti ya watu. Matangi ya maji juu ya paa: tangi la lita 10,000 ni tani 10, na mara nyingi limekalishwa tu juu ya matofali bila kufungwa. Kuta za ua za mawe zisizo na nguzo, zinazoegemea njia ambayo watoto hupita kwenda shule. Ghorofa moja au mbili zilizoongezwa juu ya msingi uliopangiwa tatu. Mchanga mchafu kwenye zege. Ukikwaruza nguzo kwa msumari ikamwagika vumbi, ondoka hapo.

Na kumbukeni kwamba majengo yetu huanguka bila hata tetemeko. Jengo la ghorofa Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua tarehe 29 Aprili 2016 na kuua takribani watu 50. Lililoshindwa na mvua litafanya nini ardhi ikiyumba?

Nyumba yangu ni ya mabati. Niogope?

Kuhusu kuangukiwa, wewe uko salama kuliko mpangaji wa ghorofani. Mbao na mabati ni vyepesi na hupindika bila kuporomoka. Ogopa moto, nitaueleza chini. Nyumba ya udongo yenye ukuta mzito na paa la mabati ni hatari zaidi kuliko yako, hasa pembe zake zikiwa zimeshaachana.

Najenga ya kwangu Kiamunyi. Nifanye nini bila kufilisika?

Jenga ya umbo la kawaida, mraba au mstatili, chini na juu zifanane. Boriti ya linta izunguke nyumba nzima bila kukatika, isiwe vipande juu ya madirisha tu. Ringi zikae kama mchoro unavyosema, na uende uzipime mwenyewe kwa futi kabla ya zege. Piga picha. Usijenge juu ya ufa unaojulikana. Waulize wazee wa mtaa ni wapi maji hupotea mvua ikinyesha, wanajua. Chuma cha ziada katika nyumba ya kawaida ni gharama ndogo ukilinganisha na vigae na geti ambavyo kila mtu anavipigania.

Sheria ya ujenzi inasema chochote kuhusu matetemeko?

Inasema, na si jana. Kenya ilikuwa na mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973, na kanuni mpya za ujenzi zilichapishwa 2024. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wakandarasi na miradi. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kupiga magoti na futi mkononi kabla zege halijamwagwa, na mwenye mjengo anayekubali kusubiri siku mbili.

Niko ghorofa ya nne na jengo linayumba. Nikimbie?

Usikimbie ngazini. Inama, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, funika kichwa na shingo kwa mkono mwingine, ungoja mpaka itulie. Hakuna meza? Jikunje kando ya ukuta wa ndani mbali na dirisha na kabati. Mlangoni si mahali salama kama tulivyofundishwa zamani.

Mwezi Julai 2007, matetemeko yaliyotoka upande wa Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai yalipotikisa Nairobi, nilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la ofisi. Glasi ziligongana kabatini, taa ikaanza kupiga duara. Mtu mmoja akapiga yowe na sote tukaenda ngazini kwa mkupuo. Jengo halikupata hata ufa. Lakini mama mmoja mjamzito alianguka, watu wakampita juu, na kiatu chake cheusi kilibaki kwenye kipandio cha tatu mpaka jioni. Nikikumbuka siku ile, hukumbuka kile kiatu kuliko mtikisiko wenyewe.

Ikiwa uko chini kabisa, mlango uko hatua mbili, na nje ni uwanja wazi, hapo toka, hasa kama nyumba ni ya udongo au mawe yasiyo na linta. Ukiwa nje kaa mbali na kuta na nyaya za stima. Ikishatulia, shuka kwa ngazi, lifti achana nayo. Na usirudi kuchukua simu. Mitikisiko mingine itafuata, kwa siku au miezi, na nyumba iliyochoka huanguka kwenye ule wa pili. Kule Uturuki, mtikisiko wa 7.5 ulikuja baada ya kupita kama saa tisa tangu ule wa 7.8, watu wakiwa wameanza kurudi ndani kutoa vitu.

Nani atakuja kutuokoa?

Jirani yako. Nakwambia hivi kwa uzito wote. Kobe ni mji tajiri wenye zimamoto na wanajeshi, na bado wengi wa waliotolewa hai walitolewa na jamaa na majirani kwa mikono, jeki za magari na misumeno. Jiji la Meksiko mwaka 1985, vijana wa kujitolea walitambaa ndani ya vifusi wakapewa jina la fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi, na watoto wachanga walitolewa hai kwenye vifusi vya hospitali siku kadhaa baadaye. Magari ya kuokoa yatakuwa machache, barabara zimezibwa, na wao pia wana familia.

Kwa hiyo kila ploti iwe na mtaimbo, sululu, jeki, msumeno wa chuma, glavu ngumu, tochi na filimbi. Vifaa hivi mafundi wa Bondeni na Kivumbini wanavyo tayari; jueni tu viko kwa nani. Mkifika kwenye kifusi nyamazeni wote, mtu mmoja aite, kisha msikilize. Kelele za umati huua aliye chini, maana sauti yake haisikiki.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyebanwa mguu kwa saa nyingi anaweza kuzungumza nanyi vizuri, mkainua jiwe, akafa dakika chache baadaye. Misuli iliyobanwa hufa na kujaa sumu, na damu ikianza tena kupita sumu hukimbilia moyoni na kwenye figo. Madaktari waliliona hili London mwaka 1941 wakati wa mabomu, na tetemeko la Armenia la 1988 likalirudia kwa watu wengi. Ukimfikia mapema, mtoe. Akiwa amekaa kwa saa nyingi na anapumua vizuri, tafuteni kwanza mhudumu wa afya amtundikie dripu kabla ya kunyanyua. Na hospitali zetu zitahitaji mashine za kusafisha figo kuliko tunavyodhani.

Namba za kupiga ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kwa nini unataja moto kila mara?

Kwa sababu tetemeko hubomoa na moto humaliza. Tarehe 1 Septemba 1923 Tokyo ilipigwa saa sita mchana kasoro dakika mbili, majiko yakiwa yanapika chakula cha mchana. Zaidi ya watu 100,000 walikufa, wengi kwa moto. San Francisco mwaka 1906 iliungua siku tatu. Kule Kobe mtaa wa Nagata, wenye viwanda vidogo vya viatu vilivyobanana kama jua kali yetu, uliteketea, na mipira ya zimamoto ilitoa upepo kwa sababu mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka chini ya ardhi.

Fikiria Kaptembwa saa moja jioni. Kila chumba kina mtungi wa gesi au jiko la makaa, pazia mbele yake, njia ya kupita mtu mmoja. Funga mtungi ardhi inapotulia, hata kama chakula hakijaiva. Zima stima kwenye swichi kuu. Ukinusa gesi usiwashe kiberiti wala taa.

Tutakaa bila maji, stima na M-Pesa kwa muda gani?

Maji yetu hutoka visima vya Kabatini na Baharini na bomba linalotoka Turasha. Visima vinahitaji stima ya kuvuta, na bomba hupita kwenye ardhi iliyojaa nyufa. Panga kuishi bila mfereji kwa majuma. Mtungi wa lita 20 wenye maji safi kwa kila mtu nyumbani, ukibadilishwa mara kwa mara, utakutosha siku za mwanzo.

Minara ya simu huendelea kwa betri kwa saa chache. Ikizimika, M-Pesa nayo imezimika, na mwenye duka hatakupa mkate kwa ahadi ya kutumiwa baadaye. Weka noti ndogondogo na sarafu mahali pamoja na kitambulisho. Mchague ndugu mmoja wa kaunti nyingine, tuseme Kakamega, ambaye wote mtamtumia ujumbe mfupi. Maandishi hupenya mtandao ukiwa umelemewa, simu ya sauti haipenyi.

Mabwawa je?

Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka Solai usiku, likaua watu zaidi ya 40. Ilikuwa mvua, ardhi haikutikisika. Lakini Solai ni jirani ya Subukia, upande uleule wa ule ufa wa 1928, na mashamba ya huku yana mabwawa mengi ya udongo. Kama unaishi chini ya bwawa, jua njia ya kupanda mlima gizani, na mtikisiko mkubwa ukipita panda, usingoje kuambiwa.

Niko Kisumu. Haya ni ya Nakuru, sivyo?

Kisumu imekaa kwenye mkono wa Bonde la Ufa unaoelekea magharibi. Kingo za Nandi na Nyando mnazoziona kila siku ndizo kuta zake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa. Bukoba walikufa watu zaidi ya 15, nyumba za tofali za udongo ziliporomoka kwa maelfu, shule ya sekondari ya Ihungo ikaharibika vibaya. Namba 5.9 ni ndogo sana ukilinganisha na 6.9. Uganda nao walipoteza watu zaidi ya 100 katika tetemeko la Toro tarehe 20 Machi 1966.

Halafu kuna barabara. Mizigo kutoka Mombasa kwenda Busia na Malaba hupita Nakuru. Bomba la mafuta hupita hapa pia, kisha hugawanyika Sinendet, moja likija kwenu na jingine Eldoret. Mapema 2008 njia zilipozibwa kwa sababu ya vurugu, Uganda ilikosa petroli. Nakuru ikianguka, Kisumu itahisi kwa bei ya unga ndani ya wiki. Na biashara ikihama hairudi upesi: bandari ya Kobe ilikuwa ya sita duniani kwa makontena kabla ya 1995, meli zikazoea bandari nyingine, na haikupata tena nafasi ile.

Nimepata ujumbe WhatsApp kwamba tetemeko litapiga Ijumaa saa nane. Nisambaze?

Futa. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa. China walifaulu kuuhamisha mji wa Haicheng mwaka 1975 baada ya mitikisiko midogo kuwaonya. Mwaka uliofuata Tangshan ikapigwa usiku bila onyo, na watu 242,000 wakafa kwa hesabu ya serikali yao.

Menengai italipuka?

Hilo ni suala jingine. Volkano hupimwa, na kwa kawaida hutoa dalili kabla.

Maiti zikikaa huleta kipindupindu?

Maiti za waliouawa na tetemeko hazileti. Kipindupindu hutoka kwenye maji machafu. Haiti ilikipata miezi tisa baadaye kutokana na maji taka ya kambi ya walinda amani. Msizike watu harakaharaka katika kaburi la pamoja kwa hofu. Pigeni picha ya uso na nguo, andikeni mahali alipopatikana, ili mamake aje ajue alipolazwa.

Bima inalipa?

Soma karatasi yako utafute neno tetemeko. Bima nyingi za moto huliweka kama nyongeza. Mpangaji, bima ya landilodi hailindi vitu vyako.

Watoto wakiwa shuleni?

Nenda uangalie bweni. Madirisha yenye vyuma, mlango mmoja unaofungukia ndani, vitanda viwili juu kwa juu vikigusa dirisha: vitu hivyo vimeua watoto wetu kwa moto, na vitawaua kwa tetemeko. Mwombe mwalimu mkuu mlango wa pili unaofungukia nje, na watoto wafanye zoezi la kuingia chini ya dawati kila muhula. Dakika kumi zinatosha.

Keteka wetu, yaani msimamizi wa ploti, hufunga geti kwa kufuli saa nne usiku na kwenda kulala na ufunguo. Nimwambie nini?

Mwambie kwa heshima, mbele ya wapangaji wenzako ili isiwe ugomvi wa watu wawili. Anahofia wezi, na hofu hiyo ni ya kweli. Sisi kwenye ploti yetu tulikubaliana ufunguo wa pili utundikwe kwenye msumari ndani ya korido ya chini, upande wa kushoto, kimo ambacho mtoto wa miaka minane anaufikia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mtoto mmoja hutumwa kuuchukua na kufungua geti gizani, taa zikiwa zimezimwa. Wa juzi alitumia sekunde 40.